Historia ya Bomba, Imeandikwa na Aliyekuwapo

Jumatatu, 3 Machi. Ukurasa wa 1.

Nimeanza kuandika. Daftari jipya. Kalamu nimeiazima kwa Msomi bila kumwambia. Namba ya ukurasa nimeiweka juu, kubwa, isije ikasemwa haionekani.

Sababu ni hii. Msomi ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu mkubwa, yuko mwaka wa pili chuoni na analala chumba changu cha nyuma. Leo kaingia bila salamu. Kavua viatu kimya. Nikajua kuna msiba au kuna mwanamume. Hakuna! Ni insha. Amerudishiwa insha yake ya utafiti, imejaa wino mwekundu kama kuku kachinjiwa juu yake.

Insha yenyewe ni historia ya bomba la mtaa wetu na utaratibu wake wa mawe. Kila nyumba ina jiwe lenye alama yake. Asubuhi unalipanga kwenye mstari, unakwenda zako, jiwe linakusimamia mpaka zamu yako. Nani alimpa habari hizo? Mimi. Mwanzo mpaka mwisho.

Nikavaa miwani. Pembeni, kila mahali, mwalimu kaandika maneno yaleyale: Nani kasema? Nimehesabu. Mara kumi na tisa. Nani kasema! Nimesema mimi!

Msomi akanieleza polepole, kama anamlisha mgonjwa. Chuoni neno halisimami peke yake. Lazima liwe na mtu aliyelisema, na tarehe, na ukurasa, ili asiyeamini aende akatazame mwenyewe. Yeye alikuwa kaandika tu "inasemekana, inasemekana". Kapewa hadi Ijumaa ya wiki ijayo aiandike upya. Asipopita anarudia mwaka mzima. Mwaka! Akaniegemea begani. Amekuwa mzito siku hizi, bega limekufa ganzi. Sikumwambia.

Huyo mwalimu nimempa jina: Wino Mwekundu. Msomi anasema ni kijana tu, na suruali yake inaishia juu ya kifundo cha mguu. Mtu ambaye suruali yake mwenyewe haijafika mwisho anathubutu kusema insha ya mwenzake haijakamilika!

Basi. Mtu, tarehe, ukurasa. Mtu nipo. Tarehe hiyo hapo juu. Ukurasa ndio huu. Kesho naweka ushahidi.

Sijawahi kukaa kwenye dawati hata siku moja. Herufi nilizipata nyuma ya migongo ya wanangu, wao wanafanya kazi za shule, mimi nimewasimamia na mwiko. Walidhani nawakagua. Kumbe naiba.

Jumanne, 4 Machi. Ukurasa wa 2.

USHAHIDI. Mimi niliyeandika hapa, nikiwa na akili timamu na meno ya kutosha, nathibitisha kwamba utaratibu wa mawe bombani niliuanzisha mimi. Niliona wanawake wanagombana. Nikahuzunika. Nikafikiri. Nikaleta mawe. Watu wote wakashukuru.

Nimempelekea Msomi akiwa anakunywa chai. Nikamwambia sasa aandike: bibi yake, tarehe nne, ukurasa wa pili. Akacheka, akanibusu kipaji cha uso, akasema ni jambo zuri sana, ila shahidi mmoja hatoshi. Aulizwe na mtu mwingine aliyekuwapo siku hizo.

Nikamwambia wamekufa wote, Mungu awarehemu.

Papo hapo, nyuma ya ukuta wa uani, mtu akakohoa.

Bi Mizani.

Ni jirani yangu miaka arobaini. Aliuza vitunguu sokoni kwa kupima, na mizani imemwingia kwenye damu. Hasemi saa moja, anasema saa moja na dakika nane. Ukimwambia umemngoja siku nzima anakuuliza ulianza lini. Kikohozi chake nakijua. Kile kilikuwa kikohozi cha mtu anayekumbuka.

Msomi uso ukang'aa. Akapanda juu ya ndoo, akachungulia ukutani, akaomba mahojiano. Bi Mizani akasema kesho anasafiri kwenda kwa mwanawe, anarudi Jumatano ijayo saa tatu na robo asubuhi, na atafurahi sana kueleza.

Sana! Alilivuta hilo neno mpaka likanifikia mimi.

Jumatano, 5 Machi. Ukurasa wa 3.

Mpango. Nimeamka mapema nikaenda kumsaidia Bi Mizani kufunga mizigo. Nimemchukulia kitambaa kipya cha kichwa, kile cha maua ya zambarau nilichokuwa naogopa hata kukivaa mwenyewe.

Nikamwambia shoga yangu, sisi tumetoka mbali. Akasema mlango kwa mlango ni hatua kumi na nne. Nikamwambia mtoto wetu ana shida chuoni, inatakiwa sisi wakubwa tuseme neno moja. Akakubali. Nikamwambia neno lenyewe ni hili, mawe niliyaanzisha mimi. Akakikunja kitambaa mara nne, akakitia kwenye begi, akafunga zipu. Kisha akasema yeye atasema alichokiona kwa macho yake mawili.

Kitambaa kimekwenda. Shahidi sina.

Nimemsindikiza mpaka kituoni nikimwombea mwanawe ampende kupita kiasi, amng'ang'anie, asimrudishe.

Alhamisi, 6 Machi. Ukurasa wa 4.

Msomi yuko maktaba. Mlango nimeufunga. Ukurasa huu ni wangu peke yangu.

Bomba lilikuwa moja, nyumba themanini. Linafunguliwa alfajiri, linakauka saa nne. Wakati huo hakuna jiwe. Unasimama mwenyewe kwa miguu yako, na ndoo yako, mpaka zamu ikufikie. Mimi ningesimama saa ngapi? Nilikuwa nafua mashuka hospitalini, zamu inaanza saa moja. Na wanangu watatu lazima waoge, wavae, wafike shuleni kabla ya kengele. Niliapa hakuna mtoto wangu atakayesimamishwa mlangoni mwa shule kwa kuchelewa. Mimi hata huo mlango wa kusimamishiwa sikuupata.

Sheria ya bombani ilikuwa moja tu: mwenye mtoto mgongoni anapita mbele. Wangu walikuwa wamekua. Nikaazima wa jirani. Wa jirani akaanza kutembea. Nikakwama.

Nikachukua mto wa kulalia. Nikauvisha kofia ya sufu. Nikaubeba mgongoni, nikaufunga barabara, nikaenda bombani.

Nikapita mbele!

Tena niliubembeleza. Niliupigapiga matako. Wakiniuliza hajambo, nawajibu ana mafua kidogo, msimsogelee.

Mpaka asubuhi moja Bi Mizani akanyoosha mkono akaivuta ile kofia. Mto ukachungulia. Kicheko cha siku ile siwezi kukiandika, daftari halitatosha. Kesho yake alikuja na mawe na kopo la rangi. Kila nyumba jiwe lake. Akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo hapahesabiwi migongo.

Hivyo ndivyo mawe yalivyoanza. Kwa sababu yangu, hilo hakuna anayeweza kulikana! Jiwe la kwanza mstarini lilikuwa langu. Alinishika mkono akanilazimisha kuliweka.

Waliocheka, wengine wamehama, wengine wamekufa. Wageni wakaja, wakauliza nani alianzisha huu utaratibu mzuri. Nilikuwa nimesimama karibu. Nikajibu.

Sasa wasichana wa bombani wananiita Mama wa Mawe. Wananipisha. Nitaanzia wapi kuwaambia ni Mama wa Mto?

Ijumaa, 7 Machi. Ukurasa wa 6.

Nimegundua Wino Mwekundu hakuishia kwenye Nani kasema. Chini kabisa kaandika pia kwamba maneno ni mengi na jambo halionekani. Hapo nikamwelewa kidogo. Kidogo tu.

Nikamwambia Msomi anisomee yote kwa sauti. Mimi nachambua maharage, ungo uko magotini. Akasimama katikati ya sebule kama mtangazaji wa redio. Akaanza: katika dunia ya leo inayokwenda kwa kasi kubwa na yenye mabadiliko mengi katika nyanja mbalimbali, suala zima la maji limekuwa ni suala mtambuka ambalo...

Ungo ukaanguka. Maharage chini ya kochi, maharage ndani ya kiatu.

Nilikuwa nimesinzia! Mchana kweupe, kwenye insha ya mjukuu wangu ninayempenda kuliko macho yangu. Nikaomba radhi. Akaokota maharage, akaendelea. Ukurasa wa pili, ungo ukaanguka tena.

Badala ya kukasirika akachukua penseli akaweka alama pale pale. Akasema twende hivyo hivyo, Bibi, usijizuie. Basi tukaenda. Nikisinzia anakata. Nikimkatiza na kumuuliza halafu ikawaje, anaacha. Mahali fulani alikuwa kaandika kwamba maji yalichotwa kwa shida. Nikamuuliza yalichotwa na nani, yalijichota yenyewe? Yule mwanamke yuko wapi? Ana ndoo gani? Katoka nyumba ipi? Akaandika, akanisomea: wanawake wa nyumba themanini walisimama tangu alfajiri, kila mmoja na ndoo yake. Nikaacha maharage.

Kwa hesabu yangu ungo umeanguka mara tisa. Insha imebaki nusu. Hiyo nusu siwezi kuilala hata nikimeza dawa.

Ila bado inasema, kwa mujibu wa bibi yangu, mawe aliyaanzisha bibi yangu. Msomi ananiamini. Hilo ndilo linaloniwasha.

Jumamosi, 8 Machi. Ukurasa wa 8.

Kuwashwa kumepita. Nimepata mpango bora.

Kwa nini wanaamini vitabu? Kwa sababu vina jalada! Daftari la kawaida nani ataliheshimu? Nikaenda kwa Bwana Fotokopi, yule mwenye kibanda mkabala na duka la dawa, anayewachapia wanachuo kazi zao. Nikamwambia anitengenezee kitabu. Kurasa mbili za mwanzo tu. Nilimwonyesha vidole viwili. Alikuwa kabana simu begani anagombana na mtu wa mashine, akatikisa kichwa. Mtu akitikisa kichwa si amekubali?

Akaniuliza jalada liandikwe nini. Nikamwambia aandike HISTORIA YA BOMBA, na chini yake, IMEANDIKWA NA ALIYEKUWAPO. Akasifu. Akatoa nakala mbili, akatoboa matundu, akapitisha ule uti wa mgongo wa plastiki, akaweka karatasi ya kung'aa mbele na nyuma. Nilipoishika mkononi nilitaka kulia. Mimi! Nina kitabu!

Kimekuwa kinene kidogo kwa kurasa mbili. Nadhani ni jalada. Miwani nimeisahau nyumbani.

Msomi hajui. Jumatatu nampelekea Wino Mwekundu mwenyewe, mkononi, kabla Bi Mizani hajarudi.

Jumatatu, 10 Machi. Ukurasa wa 9.

Nimekwenda chuoni. Nimevaa viatu vya harusi ya binti yangu mdogo. Mlinzi wa getini akaniuliza namtafuta nani, nikamwambia mwalimu mwenye suruali fupi. Akanielekeza bila kusita. Ghorofa ya pili, mlango wa mwisho.

Nilikuwa nimejipangia maneno makali njia nzima. Nafungua mlango, kijana mwembamba nyuma ya rundo la karatasi lililomfika kidevuni. Akasimama. Akaniamkia. Akatoa mafaili kwenye kiti, akapangusa kiti kwa mkono wa shati lake, akanikalisha. Akanimiminia chai kwenye kikombe chake mwenyewe kwa kuwa hakuna kingine. Nusu ya maneno makali ikanitoka hapo hapo. Nusu nyingine ikatoka nilipoona soksi zake hazifanani.

Nikamwambia mimi ndiye Nani. Hakunielewa. Nikamwambia ameuliza mara kumi na tisa nani kasema, basi nimekuja. Nikaweka kitabu mezani. Akalitazama jalada. Akakishika kwa mikono miwili, kama watu wanavyoshika kitu cha mtu. Akaahidi kukisoma chote leo leo.

Nikasema hakitamchosha, kurasa ni mbili tu.

Akakifunua kidogo, akasema ni saba.

Nikashuka ngazi sijui vipi. Nimefika nyumbani, nimevaa miwani, nimefungua nakala ya pili. Ukurasa wa kwanza, upo. Wa pili, upo. Wa tatu, kitambaa na Bi Mizani. Wa nne...

Wa nne upo! Mto upo! Kofia ya sufu ipo! Mafua kidogo yapo!

Na wa kwanza una suruali yake.

Jumanne, 11 Machi. Ukurasa wa 10.

Nimerudi chuoni saa mbili. Mlinzi akaniamkia kama mfanyakazi mwenzake. Nilikuwa na mpango. Nikamwambia Wino Mwekundu kwamba samahani, mwanangu, kile kitabu kimetoka kwenye nyumba yenye kunguni, anirudishie upesi nikakianike juani.

Akajibu kwa adabu zote kwamba amekisoma jana, mara mbili, na hakuumwa hata na kunguni mmoja. Kisha akasema ameshampa Msomi.

Amempa Msomi! Nilikimbia. Kwa viatu vile! Umri huu!

Nikamkuta amekaa kwenye kizingiti cha mlango, kitabu magotini. Macho mekundu. Nikajua amelia, nimemvunjia moyo mtoto wa watu. Kumbe alikuwa amecheka. Alipoinua macho akaniona, akaanza upya, akateleza mpaka akakaa sakafuni. Ana mafua kidogo, Bibi? Ana mafua kidogo? Nikamwambia nyamaza, nitakuchapa. Akanivuta nikakaa naye.

Tukafungua pamoja. Wino mwekundu umo. Ukurasa wa kwanza, pembeni ya suruali, kaandika: Kweli. Nitaishusha. Ukurasa wa pili, chini ya USHAHIDI wangu wote ule, kaandika: Nani kasema? Ukurasa wa nne, mwanzo mpaka mwisho, hakuna alama hata moja. Mstari wa mwisho ndipo kaandika maneno mawili.

Huyu alikuwapo.

Nimeyatazama sana hayo maneno.

Msomi akaacha kucheka. Akasema ukurasa huu wa nne ndio insha yenyewe, lakini hawezi kuutumia bila ruhusa yangu. Ni sheria, anayesimulia lazima akubali kwanza. Nikamuuliza na nikikataa. Akasema nikikataa, nimekataa.

Nikakataa. Nikasema hapana, na nikaingia ndani kuosha sufuria lililokuwa safi.

Jumatano, 12 Machi. Ukurasa wa 11.

Nimekwenda bombani mapema. Msichana mmoja mwenye ujauzito akasogeza jiwe lake akasema pita, Mama wa Mawe. Akanishikia ndoo maji yatulie. Hivi ndivyo ninavyoishi mimi. Nawezaje kuyaacha?

Nimerudi. Msomi yuko mezani, anaandika. Nikasoma juu ya bega lake. Mazoea ya zamani, nyuma ya mgongo. Nikaona: inasemekana kwamba utaratibu wa mawe ulianzishwa na baadhi ya wakazi.

Inasemekana!

Nikamuuliza hii ni nini. Akasema ni yake tu, atajaribu bahati, pengine watampitisha. Anajua haitapita. Najua anajua. Mara tisa ungo umeanguka, kelele zote zile, sasa amerudi kulekule ili mimi nipishwe bombani!

Nilishikwa na hasira ambayo sijawahi kushikwa nayo. Nikamwambia unataka kurudia mwaka mzima kwa ajili ya mto? Mto wenyewe ulishakufa, niliutia pamba mpya mara tatu! Nilivaa kituko kile mgongoni ili mama yako awahi kengele. Mama yako akawahi. Wewe umefika mpaka chuo. Leo ndio nikuzuie mlangoni mimi? Futa! Andika mto! Andika na kofia, na rangi ya kofia, ilikuwa ya kijani!

Akafuta. Kisha akanikumbatia, tukagonga meza, chai ikamwagika kwenye ukurasa wa tatu wa insha. Ukurasa wenyewe ulikuwa wa kukatwa.

Saa tatu na robo mlango ukabishwa. Bi Mizani. Kichwani, kitambaa changu cha maua ya zambarau.

Tukakaa barazani, Msomi katikati na daftari. Nikaanza mimi. Nikasema yote, mto, kofia, mafua. Nilitarajia Bi Mizani afurahi. Akatikisa kichwa. Akasema hapo kuna pungufu.

Akasema alijua ni mto tangu asubuhi ya kwanza. Mtoto gani hakunji miguu? Alinyamaza. Alikuwa akiwaona wanangu wanavyopita kwake kwenda shule, nyuso zimeoshwa. Akaniachia asubuhi kumi na moja. Alizihesabu.

Sikujua. Miaka yote hii! Nikatazama pembeni, vumbi likaniingia machoni.

Msomi akauliza sasa kwa nini asubuhi ya kumi na mbili akaivuta kofia.

Bi Mizani akanigeukia. Akasema ajibu mwenyewe.

Nikasema sikumbuki. Bi Mizani akakohoa. Nikasema labda nilikuja mapema mno. Akakohoa tena.

Sawa. Nilikuja na pacha.

Nilitaka ndoo mbili! Mto mmoja mgongoni, mmoja kifuani. Bi Mizani akasema mwanamke aliyekuja na mtoto mmoja jana hawezi kuja na wawili leo, mtaa mzima haukuona hata mimba. Mimi nikasema wa kifuani ulikuwa mdogo. Yeye akasema ulikuwa mkubwa kuliko wa mgongoni. Nikasema wewe hukuupima. Akasema angeupima kama nisingekimbia. Tulipigiana kelele mpaka saa sita. Msomi anaandika huku machozi yanamtoka, mkono hautui.

Nikamwambia sasa umeharibikiwa, mashahidi hawapatani. Akasema ndiyo anachokitaka. Ataandika kila mmoja alivyosema, na wapi wanapatana, na wapi hawapatani, na yeye mwenyewe anaona nini. Nikamuuliza anaona nini. Akasema anaona kwamba kabla ya mawe, mwanamke asiye na muda wa kusimama hakuwa na maji. Jiwe ndilo lililosimama badala yake.

Bi Mizani akasema hilo ni sahihi. Hajawahi kusema hivyo juu ya kitu chochote nilichokipika.

Ijumaa, 14 Machi. Ukurasa wa 14.

Tumepeleka. Kwa Bwana Fotokopi palikuwa na foleni, wanachuo kumi na kitu wanachapiwa dakika za mwisho. Nikamfundisha kila mmoja aweke kitabu chake kwenye mstari akakae kivulini. Utaratibu mzuri. Wakauliza nani alianzisha. Bi Mizani hakuwapo. Nikajibu.

Msomi alipotoka kidogo kununua bahasha nikamwambia Bwana Fotokopi aongeze mstari mmoja, mdogo, baada ya kile kipande cha kofia. Akatikisa kichwa. Safari hii nilihakikisha simu yake iko mfukoni.

Wino Mwekundu alipokea mwenyewe. Suruali imeshushwa, mstari wa pindo la zamani bado unaonekana. Nikamwambia alete, nitampigia pasi.

Jumatatu, 24 Machi. Ukurasa wa 17.

AMEPITA!

Nimepiga kelele, Bi Mizani karuka ukuta, yaani kazunguka, lakini haraka. Msomi analia, mimi nalia, Bi Mizani anatazama saa yake na kufuta macho. Harudii mwaka. Haendi popote isipokuwa mbele.

Maswali ya wino mwekundu kutoka kumi na tisa yamebaki moja. Moja tu. Msomi akalitafuta, akasoma kwa sauti: mtoa habari wa kwanza alikuwa mzuri wa sura kuliko wanawake wote bombani. Pembeni: Nani kasema?

Msomi akaapa hakuandika hivyo. Bi Mizani akakohoa. Nikaenda kuangalia sufuria.

Bombani habari zimefika. Yule msichana mwenye ujauzito ameniita leo Mama Pacha, wote wakacheka mpaka ndoo zikafurika. Kisha wakanipisha. Sikuelewa. Nimepita.

Jioni Msomi amekuja na habari nyingine. Wenzake watatu wameisoma insha yake. Nao wana insha zao, juu ya mwanzo wa zahanati ya mtaa wetu, na wanaomba waje Jumamosi wamsikilize mtu aliyekuwapo. Akaniuliza taratibu, akinitazama usoni, kama nilikuwapo.

Zahanati ilifunguliwa miaka sita kabla sijahamia hapa. Bi Mizani ndiye aliyekuwapo, alibeba mpaka matofali.

Nimempelekea kitambaa cha pili. Nimenunua daftari jipya, na ukurasa wa kwanza nimeshauandika namba, kubwa, juu. Bwana Fotokopi ameulizia jalada la rangi gani.

Jumamosi bado iko mbali. Nimeshaanza kukumbuka.